Filamu Iliyokatikia Kwenye Kona

Enzi zetu sisi watoto wa Miburani, mtu hakwenda sinema kustarehe. Alikwenda kuambiwa. Land Rover ya sinema ilipovuka kutoka bara ikashushwa Kilindoni, habari zilitufikia kabla magurudumu hayajakauka, na kufikia magharibi kiwanja cha mpira kilikuwa kimejaa Mafia nzima. Hata pweza, naamini, walisogea ufukweni wakanyoosha macho. Tulibeba mikeka, tulibeba makopa ya muhogo ya kutafuna na vipande vya nazi, na mama zetu walibeba watoto wachanga ambao walilia filamu nzima wakanyamaza ilipokwisha.

Shuka jeupe lilitundikwa kati ya milingoti ya goli. Bwana Sinema, mtu mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, alishika kipaza sauti na kutueleza kila kinachopita, kwa sababu filamu zilisema Kiingereza na sisi hatukusema. Tuliona filamu ya choo. Tuliona filamu ya kuchemsha maji, na ya mbu, na ya mnazi unaopandwa kwa mstari. Zote zilikuwa na watu wawili: mmoja anayesikia la kuambiwa na mmoja asiyesikia. Anayesikia hunenepa. Asiyesikia huanza kukohoa katikati, na mwisho tunamwona mkewe analia. Kwa hiyo filamu ilipoanza tu, minong'ono ilipita mikekani: "Asiyesikia ni yupi?" Tukishamjua, tulimhurumia mapema, maana hapakuwa na namna ya kumwokoa.

Nyinyi wenzangu mliokimbia mchakamchaka alfajiri miguu peku, mkalima shamba la shule kabla ya kuona ubao, mnanielewa. Vijana wa leo wana filamu mfukoni na bado wanasema hawana la kufanya.

Sasa, mwaka ninaousimulia, nyumbani kwetu kulikuwa na jambo. Kaka yangu Hemedi alikuwa ameondoka. Mama alikuwa mzaliwa wa Jibondo, kwa watu wanaounda vyombo, na alikwisha mwahidi mjomba kwamba Hemedi atakwenda kujifunza ufundi. Mjomba alimtengea mpaka shoka na keekee ya kutobolea mbao. Lakini Hemedi, tangu alipochonga gitaa lake la kwanza kwa kipande cha mbao ya mtumbwi na kulitia nyuzi za mshipi wa kuvulia, hakuwa na masikio ya shoka. Alipiga akiwa amefumba jicho moja, kana kwamba anatazama wimbo kwenye tundu la mlango. Bendi ya kiwanda kimoja cha bara ilipomchukua, alifunga nguo zake kwenye shuka na kuja mlangoni kuaga.

Mama alikuwa amekaa kizingitini anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo mama," Hemedi akasema.

Mama akaendelea kusuka.

"Shikamoo mama. Nakwenda."

Ukili ukarefuka. Hemedi alisimama pale mpaka kivuli chake kikahama, kisha akaondoka na shikamoo yake haijajibiwa. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kufua nazi mashambani na ambaye maneno yake alikuwa akiyatoa kwa shida kama anayang'oa, alisema neno moja tu: "Utaitafuta hiyo marahaba." Mama hakumjibu na yeye.

Miezi ikapita. Tulisikia kwa wasafiri kwamba bendi imeanza ziara ya kusini, Kilwa, Lindi, mpaka Mtwara, na masika ndiyo hiyo imeshuka. Mama hakuuliza chochote. Lakini mvua ikinyesha usiku nilimsikia akigeuka kitandani, na kamba za kitanda zikilia.

Ndipo Land Rover ya sinema ikaja.

Tuliahidiwa filamu ya inzi. Bwana Sinema alitangaza mwenyewe: "Wananchi, leo tutamjua inzi, adui yetu." Akaingiza mkanda, jenereta ikanguruma, na pale shukani hakutokea inzi. Walitokea vijana wa Kizungu wenye nywele mpaka mabegani, suruali za bugaluu pana za kufagia barabara, wameshika magitaa, wanapiga kelele ambayo sisi tuliokaa mbele ilitupeperusha kofia na mitandio. Huko bara mtu alikuwa ametia mkanda kwenye kopo lisilo lake. Bwana Sinema alisimama kidogo, akakuna shingo, akatazama umati. Kuzima hakuthubutu, maana watu walikuwa wametembea kutoka mbali. Akashika kipaza sauti, akaendelea na alichokuja nacho.

"Wananchi, mnawaona vijana hawa. Wametoka chooni hawakunawa."

Kiwanja kizima kikaguna.

Filamu yenyewe ilikuwa ya bendi iliyo safarini. Walipanda basi lenye mapazia na vitanda ndani. Kila mji walioingia, wasichana waliwakimbiza barabarani wakilia kama waliofiwa, na wao wakikimbia wakicheka. Walilala hoteli, wakatupa viti dirishani. Waligombana, wakakumbatiana, wakagombana tena. Mpiga gitaa mmoja alichukua gitaa zima, jipya, linalong'aa, akalipiga sakafuni mpaka likabaki nyuzi. "Hakula mboga za majani," Bwana Sinema akaeleza. "Ndiyo hasira hizo."

Wazee wa bahari waliokaa nyuma yetu waliona kasoro nyingine kabisa. "Chombo gani hicho," mmoja akanong'ona, "hakina nahodha wala mpishi. Kila mtu yuko kwenye usukani." Mwenzake akajibu: "Nangoja nione watakapopika. Toka tumekaa hawajala wali."

Kisha ikaja sehemu iliyomaliza mchezo. Mpiga gitaa yule yule alisimama jukwaani, akafumba jicho moja, akapiga. Nilimsikia mama ananishika mkono. Alipomaliza kupiga, kijana akachukua jagi la maji. Akanywa funda moja. Yaliyobaki akajimwagia kichwani, na ya mwisho akawarushia watu, na watu wakacheka.

Inabidi nieleze hapa, kwa ajili ya waliozaliwa na bomba uani. Jibondo hakuna maji. Ni mwamba na chumvi. Maji ya kunywa yalifika kwa mashua, ndani ya madebe na mitungi, na mtoto wa Jibondo alijua kushika kata ya kuchotea kabla ya kujua kusimama. Ukinywa yakabaki, humwagi mchangani. Chini ya mtungi kuna kifuu, unayamimina humo, kuku wanywe. Mama aliolewa Miburani kwenye visima, lakini kifuu alihama nacho, na sisi watoto wake tulipigwa kwa ajili ya maji zaidi ya tulivyopigwa kwa ajili ya dini.

"Mwajuma," mama akaniambia. "Asiyesikia ni huyu."

Nilijua anachokisema. Asiyesikia huwa na mwisho mmoja.

Basi la bendi likaanza kushuka mlima. Mvua ilikuwa inanyesha. Dereva aligeuza shingo anacheka na walio nyuma. Mpiga gitaa alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya mwili iko nje, nywele zinapepea. Mbele kulikuwa na kona, na chini ya kona hapakuwa na kitu. Basi likaingia kona ile, tairi likatoka nje ya barabara, jenereta ikakohoa. Shuka likawa jeupe, halafu likawa jeusi.

Giza. Watu tulikaa tukingoja.

"Petroli imekwisha," sauti ya Bwana Sinema ikasema bila kipaza sauti. "Mafunzo mmeyapata. Nendeni salama."

Sisi watoto, Mungu atusamehe, kesho yake tulikuwa tunacheza bendi. Magitaa ya makuti, ngoma ya debe, na basi la mtumbwi mbovu ambalo tulilipindua kila siku mara zisizo na hesabu, kila mtu akitaka kufa yeye. Mama alitufukuza kwa upawa. Hakula siku ile, na siku iliyofuata alipika muhogo wa nazi akaugeuza sahanini mpaka ukapoa.

"Ile ni sinema," baba akamwambia. "Watu wanalipwa kufanya vile."

"Ya mbu nayo ilikuwa sinema," mama akajibu. "Mbona mbu wapo?"

Hoja ilikuwa nzito. Tulikwisha ona choo kwenye filamu, na choo kipo. Kwa nini bendi peke yake iwe ya uongo?

Tangu hapo mama akaanza kwenda Kilindoni. Kila chombo kilichotoka bara kikitia nanga, alikuwa pwani, kanga yake ya zambarau imelowa mpaka magotini, anawauliza wanaoshuka: "Hamkusikia gari la muziki limepinduka huko kusini?" Watu walisema hapana, hawakusikia. Alirudi nyumbani ametulia, na baada ya kuosha miguu hofu ilikuwa imerudi, maana kutosikia si sawa na kutokuwapo. Usiku aliniuliza mimi, mtoto, kama marahaba inaweza kusemwa peke yako ikamfikia mtu aliyeko mbali. Nilimwambia sijui. Alijaribu. Nilimsikia anaitamka gizani, kidogo kidogo, kisha akasema, "Haijakaa."

Wiki zikaenda hivyo. Halafu asubuhi moja nilikuwa natwanga kisamvu nikaona watu wanakuja kwa mstari njia ya pwani, kanga vichwani, na mbele yao mama mdogo Saumu, mdogo wake mama, kutoka Jibondo. Walikuwa na mikeka. Na kila mwanamke alikuwa na debe la maji kichwani.

Watu wa Jibondo huenda harusini na mikono mitupu kama watu wengine. Kwenye matanga hubeba maji. Wanajua msiba unavyoyanywa maji, na hawataki kumtia mfiwa kwenye shida hiyo, hata kama mfiwa ana kisima mlangoni.

Mama alitoka nje, akaona madebe, akakaa chini pale pale mchangani. Hakupiga ukelele. Aliuliza tu, "Lini?"

"Pole dada," mama mdogo akasema, naye machozi yanamtoka. "Tumesikia juzi. Gari la bendi limepinduka huko kusini, na mpiga gitaa alikuwa mlangoni."

Majirani wakaanza kuingia. Mtu akatandika mkeka. Baba alirudi kutoka mashambani mbio, na baba hakuwa mtu wa mbio, akasimama katikati ya ua.

"Nani kakwambia, Saumu?"

"Watu wa Juani, shemeji."

"Nani kawaambia watu wa Juani?"

"Wameisikia Kilindoni, wakati wa kuuza samaki."

"Kwa nani?"

Mama mdogo alifuta macho, akafikiri. "Wanasema kuna mwanamke yuko pale pwani kila siku. Yeye ndiye mwenye habari za gari hilo. Mwanamke wa kanga ya zambarau."

Baba akaigeukia kanga ya mama. Mama mdogo akaitazama. Sote tukaitazama. Hata mama mwenyewe aliinama akaitazama, kana kwamba amevalishwa na mtu mwingine.

"Basi umejiulia mtoto wewe mwenyewe kwa maswali," baba akasema, akakaa, akaanza kucheka.

Ua mzima ungecheka, lakini mama hakucheka. "Na kama swali langu limekutana na kweli?" akauliza. Hapo kicheko kikafa. Ndivyo hofu ilivyo. Unaikamata mkia, inageuka inakutazama usoni.

Wageni hawakuondoka. Mikeka imekwisha tandikwa, maji yamekwisha miminwa kwenye mitungi yetu, watarudije kabla ya kujua walichojia? Tukaishi katika matanga ya mtu ambaye hatujui kama amekufa. Walisuka ukili, walikula vyetu, walilia kidogo jioni kwa tahadhari.

Kabla ya Sabasaba, Land Rover ikapita tena, safari hii na spika juu. Ilikuwa sauti ile ile ya inzi. "Wananchi, siku ya wakulima, bendi ya kiwanda kutoka bara itatumbuiza Kilindoni." Mama aliikimbilia katikati ya njia ikabidi isimame.

"Wote wapo?" akamwuliza Bwana Sinema. "Wanaokuja ni wote?"

"Mama, mimi nasoma nilichopewa."

"Mpiga gitaa yupo?"

"Bendi haina budi kuwa na mpiga gitaa, mama." Akaona uso wake, akashusha sauti. "Ila sijui kama ni wa zamani au mpya."

Angenyamaza tu, maskini. Siku zilizobaki mama alikuwa anamwona huyo mpya. Alituelezea mpaka sura yake.

Walifika mchana, bahari imekupwa, mashua ikakwama mbali na ufuko. Kisiwa kizima kilikuwa kimesimama pale kikingoja nywele ndefu, mapazia na wasichana wa kulia. Tuliona ngoma kubwa ikiteremka juu ya kichwa cha mtu, miguu inazama matopeni. Tuliona kiongozi wa bendi, bugaluu amezikunja mapajani, viatu vyake vya raizoni, vyenye soli nene, amevivaa mikononi kama glavu, anakanyaga mchanga kwa woga wa vipande vya kombe. Mpiga tarumbeta alifika nchi kavu, akakaa, akaomba ndimu ya kunusa. Wote walikuwa wametapika mpaka rangi zimewabadilika. Hakuna aliyewakimbiza. Kijana mmoja wa chama, ambacho hakikutaka bugaluu, alitaka kuwauliza habari za upana wa suruali zao, akawahurumia.

Mama aliwatazama mmoja mmoja. Si huyu. Si huyu. Wa mwisho kabisa, gitaa amelinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili lisiguse maji, alikuwa Hemedi.

Nilidhani atakimbia. Mama aligeuka akashika njia ya nyumbani, kasi, tukimfuata. Mama mdogo alimpigia kelele: "Dada, mtoto yule pale." Mama akasema bila kugeuka kwamba marahaba alimnyima mlangoni, hawezi kumpa pwani mbele ya wauza samaki. Alipofika alikaa kizingitini, palepale. Akachukua ukili. Vidole havikusuka.

Hemedi akaja. Amekonda, midomo imemkauka kwa chumvi. Akavua viatu.

"Shikamoo mama."

Wageni wa matanga walimtazama marehemu wao.

"Saumu," mama akasema, "mpe maji."

Mama mdogo akachota kata ikajaa, katika maji yale yale yaliyovuka bahari kutoka Jibondo kwa ajili ya kumlilia. Hemedi hakujua kitu. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa kwa kiu ya mtu aliyetapika safari nzima, akasita katikati kupumua. Kata ilikuwa na maji nusu. Jasho lilimtoka, jua lilikuwa kali, na kichwa chake kilikuwa kimejaa chumvi. Mama alikuwa amefumba mdomo kiasi kwamba haukuonekana.

Hemedi aligeuka huku akiongea na baba, anauliza habari za shamba, na mkono wake, bila yeye kuutazama, ukashuka chini ya mtungi, ukamimina yaliyobaki kwenye kifuu. Kuku wakaja mbio.

"Marahaba," mama akasema.

Akavuta pumzi.

"Na ile ya siku ile, mwanangu. Marahaba."

Hapo ndipo alipolia, na wageni wa Jibondo, waliokuwa wameyabana machozi yao wiki nzima, wakapata ruhusa. Mama mdogo ndiye aliyekata kilio. "Basi," akasema, "kijana amekunywa maji ya matanga yake. Sasa sisi tutapikiwa wali au turudi na njaa tuliyokuja nayo?"

Jioni ile tulimzunguka Hemedi tukamwuliza yote. Basi lina mapazia? Walisafiri na lori la kiwanda, akasema, juu ya magunia, na kusukuma walisukuma kuliko walivyopiga muziki. Walilala kwenye madawati ya shule. Uzi wa gitaa ukikatika walichomoa uzi kwenye breki ya baiskeli. Je, waliyavunja magitaa? "Avunje nani? Gitaa la kiwanda, ukilikwaruza unaitwa na meneja." Na wasichana, waliwakimbiza? "Alitukimbiza mama mmoja Lindi, na mchi. Mpiga ngoma wetu alikuwa amekula muhogo wake aliouanika." Na gari, mimi nikauliza, lilipinduka? "Liliteleza mara moja, kwenye kona, mvua. Tukashuka tukalivuta." Mama akamtazama baba. Baba akatazama makuti ya paa.

Hemedi alirudi kwenye ziara, na akaendelea miaka mingi, na mama hakuacha kuogopa mvua. Tofauti ni kwamba sasa aliogopa akiwa amelala.

Leo kaka yangu ni mzee, sikio moja ameliacha kwenye maspika. Mimi nilikuja kumaliza darasa la saba shule ya usiku, na watoto watatu mgongoni, na hata Kiingereza nilikipata cha kutosha kumjua Bwana Sinema kwa uongo wake wote. Wajukuu wanatuonyesha filamu za bendi kwenye simu. Rangi safi, basi lile lile, viti vinatupwa dirishani vile vile, maji yanamwagwa kichwani vile vile. Wanataka kunitafutia ile yetu nijue kama basi lilianguka. Inaitwaje, bibi? Nawaambia iliitwa Inzi. Wanacheka, mitandao yao yote haina jibu.

Juzi Hemedi aliitazama moja mpaka mwisho, amefumba jicho lile lile. Walipoimba wimbo wa kufunga akauliza, "Mama yake yuko wapi huyu?" Mjukuu akasema babu, hii ni filamu ya bendi. Hemedi akasema ndiyo, nimeona, ila kijana kazunguka dunia nzima na hakuaga kwao.

Siku hizi wanaaga wakitembea. Mjukuu wangu anaimba na wenzake huko mjini, na likizo ikiisha anapita ukumbini, mkoba begani, kidole kwenye simu, "Shikamoo bibi," na mguu mmoja uko nje tayari. Hangoji jibu. Enzi zetu tulisimama tukalingoja mpaka kivuli kikahama. Lakini mimi sithubutu kumchelewesha wala kumnyima. Naacha ninachokifanya, hata kama ni ukili, hata kama ni chungu kinafurika jikoni, naitikia haraka, kwa sauti ya kufika barabarani, impate kabla ya gari.

Marahaba.